Kiasi na Kasi

Katika masomo yote ya sekondari, hakuna linaloulizwa "ya nini?" mara nyingi kama kalkulasi. Historia ina wazee wanaoikumbuka, baiolojia ina mwili wa muulizaji mwenyewe, na hata kemia ina chumvi ya jikoni. Kalkulasi huingia darasani haina ndugu wala jirani. Kenya, katika mfumo wa KCSE, humkuta mwanafunzi yuko Kidato cha Nne, mtihani unabisha hodi. Tanzania huwangoja wale wa Kidato cha Tano waliochagua michepuo ya hesabu, PCM (fizikia, kemia na hesabu) na wenzake. Kote huko huingia kwa sura moja, sura ya kanuni. Shusha kipeo kije mbele, kisha kipunguze kwa moja: x³ inakuwa 3x². Hiyo ndiyo difrensiesheni. Ukitaka kurudi ulikotoka, ongeza kipeo kwa moja, gawanya kwa kipeo kipya, na mwishoni usisahau kuandika "+ c", maana ukiisahau alama moja imekwenda. Hiyo ndiyo intigresheni.

Kanuni hizo nilizijua, na vema nilizipata. Nilichokosa ni habari ya kitu chenyewe. Ningeweza kujaza kurasa mbili za majibu sahihi, na mtu akiniuliza nimehesabu nini hasa, nisingekuwa na la kumwambia. Swali hilo nimelibeba tangu shule, na kila ninapokutana na watu wa rika langu, mhasibu, nesi, dereva wa lori aliyewahi kuketi dawati la PCM, nakuta nao wanalo.

Majibu tuliyopewa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kwamba itatoka kwenye mtihani. La pili, kwamba tutaona mbele ya safari. Jibu la kwanza lilikuwa la kweli, ila lilituhusu kwa saa tatu tu. La pili lilikuwa deni lisilolipwa: sekondari ilitupeleka chuo kikuu, chuo kikuu kikatupeleka kazini, na kazini tukakuta programu ya kompyuta inayofanya hesabu yote yenyewe. Siwalaumu walimu. Wengi wao walikabidhiwa somo hivyo hivyo, wakalikabidhi walivyolipokea, tena mbele ya darasa lililofurika na silabasi iliyowakimbiza. Lakini lawama ya jumla ipo, na si ngeni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliukataa mfumo ambao kila ngazi ya shule ni matayarisho tu ya ngazi inayofuata. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, kwa sababu wengi wangeishia hapo. "Mbele ya safari" ndilo jambo alilolikataa. Ni jibu linalomfaa atakayeendelea na kumwacha mikono mitupu atakayeteremka njiani.

Shule, naona, imeupindua mpangilio wa jambo hili. Katika historia swali lilitangulia, tena swali la mtu mwenye shida mkononi, na kanuni zikaja mwisho. Mwaka 1613, Johannes Kepler, mtaalamu wa falaki aliyekuwa amekwisha kuonyesha kwamba sayari hulizunguka jua katika njia ya duaradufu, alioa mke wa pili na kununua mapipa ya mvinyo huko Linz, Austria. Muuzaji alipima kila pipa kwa namna iliyomkera. Alipitisha ufito kwenye tundu lililo katikati ya ubavu wa pipa mpaka ukagusa pembe ya mbali, akasoma urefu uliolowa, akataja bei. Basi. Hakujali kama pipa ni nene na fupi au jembamba na refu. Kepler aliona mara moja kwamba mapipa mawili yanayopimwa kwa ufito ule ule yanaweza kubeba mvinyo kwa viwango tofauti kabisa. Akaketi, akalikata pipa kwa mawazo katika vipande vyembamba, akavijumlisha, na mwaka 1615 akatoa kitabu kizima juu ya mapipa.

Alichokikuta kinashangaza mpaka leo. Mapipa ya Austria yalichongwa kwa uwiano ulio karibu sana na ule unaobeba mvinyo mwingi kuliko wote kwa ufito huo. Na karibu na kilele hicho, fundi akikosea umbo kidogo, ujazo haupungui karibu chochote. Kwa hiyo muuzaji hakuwa mwizi.

Jambo hili liko kwenye daftari la kila mwanafunzi wa kalkulasi, ila halijaandikwa jina. Swali lenyewe ni lile la bati. Una bati la mraba, sentimita 12 kwa 12. Kata miraba minne midogo kwenye pembe, kunja kuta, upate boksi lisilo na kifuniko. Ukate kiasi gani ili boksi libebe zaidi? Ukikata sentimita 1, boksi linabeba sentimita za ujazo 100. Ukikata 2, linabeba 128. Ukikata 3, linarudi 108. Mwanafunzi huiweka kasi ya mabadiliko iwe sifuri, anapata 2, anawekewa vema, anafungua ukurasa mwingine. Utamu umebaki kwenye ukurasa aliouacha. Fundi bati mkono ukimteleza milimita moja, akakata 1.9 au 2.1, boksi bado linabeba zaidi ya 127.7. Hasara haionekani kwa macho. Ile sifuri tuliyokuwa tukiiandika kwa mazoea ilikuwa inasema hivi: kileleni pana usawa, na palipo bora kabisa ndipo makosa madogo husamehewa. Mtu anaweza kuishi na wazo hilo maisha yake yote bila kukata bati hata moja.

Wengine walikuwa wamelizungukia jambo hili kabla ya Ulaya kulipa jina. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, yapata miaka elfu moja iliyopita alihesabu ujazo wa maumbo ya mviringo kwa kujumlisha vipande vyembamba. Huko Kerala, kwenye pwani ile ya Malabar ambayo majahazi yake yalizoeana na bandari zetu, Madhava na wanafunzi wake walikuwa wakijumlisha mifululizo isiyo na mwisho tangu karne ya 14. Waliochukua sifa ni Isaac Newton, aliyeanza kazi hii 1665 na 1666 akiwa kijijini kwao Woolsthorpe baada ya tauni kufunga Chuo Kikuu cha Cambridge, na Gottfried Leibniz wa Ujerumani, aliyechapisha makala yake ya kwanza 1684. Sifa yao ni ya haki kwa sababu moja. Waliona wazi kwamba maswali mawili ya kale, kitu kinabadilika kwa kasi gani na jumla yake ni kiasi gani, ni swali moja linaloulizwa kutoka ncha mbili.

Ncha hizo mbili ziko ukutani kwako. Mita nyingi za umeme wa kulipia kabla zina kitaa chekundu kinachopepesa, na kando yake pana namba, tuseme 1600 imp/kWh. Maana yake, kitaa kikipepesa mara 1600, uniti moja imekwenda. Zima kila kitu, acha taa moja ya wati 10, kisha simama utazame: kitaa kitapepesa mara moja kwa karibu dakika nne. Sasa chomeka pasi ya wati 1000. Kinapepesa kila baada ya sekunde mbili na kidogo. Haraka ya kitaa ni kasi, inakuambia umeme unatoka vipi sasa hivi. Namba ya uniti kwenye kioo ni kiasi, inakuambia zimebaki ngapi. Ukihesabu mapepeso yote ya siku ukajua uniti zilizotumika, umetoka kwenye kasi ukafika kwenye kiasi, na huko ndiko kuintigreti. Ukiandika uniti zilizobaki kila saa, kisha ukatazama zilipopungua ghafla ukamjua aliyekuwa akipiga pasi, umetoka kwenye kiasi ukarudi kwenye kasi, na huko ndiko kudifrenshieti. Na ile "c" iliyotukosesha alama? Ni uniti zilizokuwemo kwenye mita kabla hujaanza kuhesabu. Mapepeso ya kitaa hayawezi kukuambia zilikuwa ngapi, lazima ulijue hilo kwa njia nyingine.

Wahenga walilijua jambo hili kwa njia yao. Haba na haba hujaza kibaba ni intigresheni, na chovya chovya humaliza buyu la asali ni hiyo hiyo yenye alama ya kutoa. Methali zinatuhakikishia kwamba kibaba kitajaa na buyu litakwisha. Hazitaji lini. Anayetaka kujua lini, huyo ndiye kalkulasi ilitengenezwa kwa ajili yake.

Msomaji anaweza kusema hapa, kumbe ni rahisi. Si rahisi, na inafaa kueleza kwa nini, maana wanafunzi wengi waliokwama walikwama mahali penye shida ya kweli. Nazi ikidondoka kutoka mnazini, umbali inaoshuka kwa mita ni karibu mara 5 ya mraba wa sekunde zilizopita. Katika sekunde moja imeshuka mita 5, katika sekunde mbili mita 20. Je, ilipotimiza sekunde moja, pale pale, ilikuwa na mwendokasi gani? Kati ya sekunde ya 1 na ya 2, wastani wake ni mita 15 kwa sekunde. Kati ya sekunde 1 na 1.1 ni mita 10.5. Kati ya 1 na 1.01 ni 10.05. Kati ya 1 na 1.001 ni 10.005. Inakoelekea unakuona: 10. Lakini ukifika kwenye nukta yenyewe, muda ni sifuri na umbali ni sifuri, na sifuri kwa sifuri haigawanyiki. Katika nukta ya wakati nazi haisogei hata unywele. Tunapata wapi haki ya kusema ina mwendo?

Mwaka 1734, George Berkeley, askofu na mwanafalsafa wa Ireland, aliwauliza wanahisabati swali hilo hilo kwa ukali. Aliwaambia kwamba wanagawanya kwa kijisehemu cha muda kana kwamba kipo, kisha wanakifuta kana kwamba hakikuwapo kamwe, na watu wa namna hiyo hawana ruhusa ya kuwacheka wanaoamini mambo ya dini. Newton alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1727, na waliobaki hawakuwa na jibu la kutosha. Ilibidi kungoja mpaka 1821, pale Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa alipoanza kulieleza wazo la kikomo kwa uangalifu, na Karl Weierstrass wa Ujerumani akalikamilisha baadaye. Muda wote huo zana haikupumzika. Nyotamkia ya Halley ilionekana tena mwishoni mwa 1758, kama ilivyokuwa imetabiriwa kwa sheria za Newton. Kwa zaidi ya miaka 130 kalkulasi ilitumika bila kueleweka sawasawa. Sisi darasani tulinyimwa yote mawili, matumizi na maelezo. Mwanafunzi aliyenyoosha mkono akasema haelewi hakuwa mzito wa kichwa. Alikuwa akiuliza swali la askofu.

Jibu la kikomo lina falsafa nzito ndani yake. Linasema: usiulize nukta ina nini ndani yake, uliza majirani zake wanaelekea wapi. Ile 10 haimo ndani ya nukta. Ni mahali wastani zote za jirani zinapokusanyikia, ukija kutoka mbele au kutoka nyuma. Wakati wa sasa, ukiutenga peke yake, hauna mwendo. Picha ya nazi iliyo hewani haikuambii kama inashuka, au kuna mtu ameirusha juu, au imening'inizwa kwa uzi. Nasi tunahukumiana kwa picha. Wanafunzi wawili wamepata 45 katika hesabu. Mmoja ametoka 20, mwingine ametoka 70. Ripoti ya shule inawaandika sawa, na mzazi asiyetazama muhula uliopita atamchapa au kumpongeza asiyestahili. Kiasi chao ni kimoja. Kasi zao zimepeana mgongo.

Nikitakiwa kutaja mahali ambapo hesabu hii imegusa maisha ya watu wetu kuliko pengine pote, nitataja malaria. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyefanya kazi India, alionyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Baada ya ushindi huo akakutana na hoja iliyoonekana haina jibu: mbu hawamaliziki. Fukia madimbwi ya mji huu, watakuja wa ng'ambo. Kwa nini basi serikali itupe fedha? Ross alipokwenda Mauritius, kisiwa cha bahari hii hii yetu, aliiweka hoja hiyo katika hesabu, na ripoti yake ikatoka 1908. Akazitazama kasi mbili zinazovutana. Ipo kasi ya watu wapya kuambukizwa, inayotegemea wingi wa wagonjwa, wingi wa mbu na jinsi wanavyouma. Ipo pia kasi ya wagonjwa kupona. Kasi ya kupona ikiishinda ya kuambukizwa, ugonjwa unafifia wenyewe, hata kama mbu bado wanalia masikioni. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuua mbu wote. Palikuwa na kizingiti, na kazi ilikuwa kuwashusha chini yake.

Katika miaka ya 1950, Mwingereza mwingine, George Macdonald, aliuliza swali lililofuata: tukiwa na fedha kidogo, tumshambulie mbu wapi? Ukipunguza viluwiluwi kwa nusu, mbu wanapungua kwa nusu, na maambukizo karibu hivyo hivyo. Ila kimelea kikiingia kwa mbu hakiwi tayari siku hiyo. Katika joto la kwetu kinahitaji siku kama 10 kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza mtu. Chukua mbu 100 walionyonya damu yenye vimelea. Ikiwa kila siku wanapona tisa katika kumi, baada ya siku 10 wanabaki kama 35. Wakipona wanane katika kumi, wanabaki kama 11. Wakipona saba, hawafiki 3. Tumegusa kidogo tu kasi ya kufa kwa siku, na kiasi cha mwisho kimeporomoka. Hapo ndipo penye hoja ya kupuliza dawa kwenye kuta anapotua mbu mzima, na baadaye hoja ya chandarua chenye dawa. Wavu mtupu humkinga aliyelala ndani. Wavu wenye dawa humuua mbu kabla hajazitimiza siku zake, hivyo humkinga na jirani asiye na wavu. Utafiti uliochapishwa 2015 ulikadiria kwamba kati ya 2000 na 2015 hatua za kudhibiti malaria Afrika zilizuia wagonjwa wapatao milioni 663, na karibu asilimia 68 ya kazi hiyo ilifanywa na vyandarua.

Milinganyo haifungi wavu, hilo nalo lisemwe. Kati ya 1954 na 1959 ulikuwepo mradi wa Upare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, uliopuliza nyumba dawa ya dieldrin. Malaria ilipungua sana, lakini haikukatika. Shirika la Afya Duniani, lililotangaza mwaka 1955 kampeni ya kuitokomeza malaria duniani, liliiacha sehemu kubwa ya Afrika nje ya kampeni hiyo, na mwaka 1969 likaliacha lengo lenyewe. Umbali kati ya "imepungua sana" na "imekatika" ndio kizingiti cha Ross, na kwetu kizingiti hicho ni kirefu kuruka. Hesabu haikudanganya. Ilisema mapema kazi ni kubwa kiasi gani.

Sasa ataniuliza mtu: mama aliyetandaza chandarua Kilombero anajua kalkulasi? Hajui, wala haihitaji ili wavu umfae. Kwa hiyo jibu la "inatumika" bado halijalijibu swali la darasani. Kwamba yupo mtu mahali fulani anayeitumia kwa niaba yangu ni sababu ya kumlipa yeye, si ya kunikalisha mimi dawatini. Wapo pia wanaosema hesabu haidaiwi faida, inatosha kuwa nzuri. Sina ugomvi nao, ila uzuri nao huonyeshwa. Hakuna anayeona uzuri wa kupunguza kipeo kwa moja.

Ninachoamini ni hiki. Mwananchi ambaye hatafanya intigresheni hata moja maishani bado anaishi katikati ya watu wanaomtajia kasi, naye anasikia kiasi. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulikuwa asilimia 9.6, na Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7. Anayesema mfumuko umeshuka anasema kweli. Mama anayerudi sokoni akasema bei hazijashuka anasema kweli pia. Mfumuko ni kasi ya bei, si bei. Ukishuka kutoka 9.6 hadi 2.7, bei bado inapanda, ila polepole, na cha shilingi 100 kinakwenda kwenye 102.70 mwaka unaofuata. Ili bei kwa jumla zirudi nyuma, mfumuko wenyewe ungepaswa kupita chini ya sifuri. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya jambo hilo, mmoja akimwita mwenzake mwongo, na hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana kati yao ni somo la Kidato cha Nne.

Vivyo hivyo kwa idadi ya watu. Sensa ya 2012 iliwahesabu Watanzania karibu milioni 44.9, ile ya 2022 ikawahesabu milioni 61.7. Ongezeko la mwaka ni asilimia 3.2, namba ambayo masikioni ni ndogo. Kwa mwendo huo watu huwa maradufu kwa miaka kama 22. Anayejenga zahanati inayotosha leo anajengea picha.

Lakini mfano mkali zaidi uko mtaani, kwenye mikopo ambayo watu wameiita kausha damu. Mkopeshaji hutaja asilimia 20 kwa mwezi, na ishirini si namba ya kutisha. Tuseme umechukua laki moja, hujalipa, na kila mwezi riba inaunganishwa kwenye deni. Wengi hujumlisha: ishirini mara kumi na mbili ni 240, hivyo mwisho wa mwaka ni laki tatu na elfu 40. Deni la kweli litakuwa zaidi ya laki nane na elfu 91. Tofauti hiyo ya zaidi ya laki tano na nusu imetoka kwenye kasi inayolishwa na kiasi chenyewe: deni likinenepa, riba inanenepa, ikilinenepesha deni. Mwaka 1683 Jacob Bernoulli wa Uswisi, akichunguza riba inayounganishwa mara nyingi zaidi na zaidi ndani ya mwaka, aliifikia namba ambayo sasa tunaiita e, karibu 2.718. Ni e ile ile tuliyokuwa tukiikuta kwenye karatasi za mitihani tukadhani imetungwa ili itutese.

Tuliofundishwa kalkulasi bila maana hatukupunjwa kanuni. Kanuni tungezisahau kwa vyovyote, na hakuna dhambi kuzisahau. Tulipunjwa sikio la kutofautisha kinachokua na kilichokwisha kukua, na anayekosa sikio hilo huongozwa, hukopeshwa na huhesabiwa na wale walio nalo. Mwalimu wa hesabu, kabla ya kuandika kanuni ubaoni, andika deni la laki moja, au mbu 100, au boksi la bati. Kanuni itakuja yenyewe na wanafunzi wataipokea kama jibu la swali lao. Na wewe msomaji usiye na haja tena ya x wala kipeo chake, ukitajiwa namba yoyote, iwe ya bei, ya ugonjwa au ya mkopo, uliza mengine mawili: inabadilika kwa kasi gani, na kasi hiyo inapanda au inashuka? Aliyekutajia akishindwa kukujibu, usiweke sahihi.